Mkasi wa maternite: desturi ya nani?

Tukizungumza juu ya desturi za uzazi hapa Mulongwe, mara nyingi tunawahesabu wakunga wa zamani peke yao, na dawa zao na makatazo yao. Tunasahau kwamba maternite nayo ina desturi zake. Moja ni ile ya kumkata mama kwa mkasi kwenye njia ya uzazi, wakati kichwa cha mtoto kinakaribia kutoka, kisha kumshona. Wasomi wanaiita episiotomi. Wamama wanasema tu: "Walinikata."

Mwaka 1742 Fielding Ould wa Dublin aliandika juu ya mkato huo kama msaada wa wakati mgumu, mtoto akishindwa kutoka. Aliyegeuza mambo ni daktari Joseph DeLee wa Chicago, mwaka 1920. Yeye alishauri mama wa uzazi wa kwanza apewe dawa ya usingizi, akatwe, na mtoto avutwe kwa koleo, hata kama hakuna shida yoyote. Alisema mkato unalinda misuli ya mama na kichwa cha mtoto. Maneno mazuri, lakini hakuwa amelinganisha waliokatwa na wasiokatwa. Wanafunzi waliamini juu mwalimu alisema, nao wakafundisha wengine vilevile. Sasa hiyo si mila? Marekani, mwaka 1979, katika kila wamama 100 waliozaa kwa njia ya kawaida, zaidi ya 60 walikatwa.

Mwaka 1983 Thacker na Banta walipitia maandishi ya tangu 1860 mpaka 1980, wakitafuta ushahidi wa faida ya mkasi. Walipata kidogo sana. Kisha Argentina wakafanya jaribio lenyewe, wamama 2606 katika maternite 8, matokeo yakatoka 1993. Kundi moja lilikatwa kwa mazoea, karibu 83 kwa 100. Lingine kwa lazima tu, 30 kwa 100. Mipasuko mibaya ya nyuma ilikuwa 1.5 kwa 100 katika kundi la mkasi, na 1.2 katika lile lingine. Kumbe mkasi haukulinda kitu! Ni kweli, wasiokatwa walipata zaidi michubuko midogo ya mbele, lakini maumivu yao yalikuwa machache na vidonda vilipona vizuri zaidi.

Wauguzi wetu husomea vitabu vya Kifaransa, kwa hiyo tuangalie Ufaransa pia. Mwaka 1998 walikata karibu nusu ya wamama. Mwaka 2021 walibaki kama 8 kwa 100. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2018, lilikataa kukata kwa mazoea. Badala yake linashauri kitambaa cha maji ya moto na mikono ya mkunga inayoshikilia pole pole. Bibi zetu hawangeshangaa sana.

Lakini mtu asiseme: basi tuzalie nyumbani. Hapo tunapinga kabisa. Mwaka 1983 daktari Denis Mukwege alifika hospitali ya Lemera, kule milimani katika territware yetu ya Uvira, akaona wamama wanaoletwa wamechelewa, wengine wameharibika, wengine wanakufa. Ndiyo sababu alikwenda Angers kusomea magonjwa ya wamama, akarudi 1989. Mtoto akikwama kwenye mfupa wa nyonga, mkasi hausaidii, unakata nyama tu. Mama anahitaji kupasuliwa tumbo, na mapema. Anayekaa nyumbani juu ya kuogopa mkasi anaweza kukutwa na fistula ao kifo.

Tena kuna mara mkato unahitajika kweli, kwa mfano mtoto akichoka na moyo wake ukipunguza mapigo. Hata hapo shirika hilo linataka mama achomwe ganzi kwanza, na aelezwe, akubali. Kwa hiyo siku ya kupima mimba, mama ao mume wake aulize mbele ya wauguzi: hapa mnakata kila mtu, ao anayehitaji tu?