Viraka vya usalama: kwa nini kompyuta hushambuliwa kupitia matundu yaliyokwisha kupatiwa dawa

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali kadhaa nchini Uingereza waliwasha kompyuta zao na kukuta ujumbe wenye rangi nyekundu. Mafaili yao yalikuwa yamegeuzwa kuwa maandishi ya fumbo yasiyosomeka, nao walitakiwa kulipa dola 300 kwa sarafu ya mtandaoni ya Bitcoin ili wayapate tena.

Programu hiyo haribifu, iliyopewa jina la WannaCry, ilienea katika nchi zipatazo 150 na kuzikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika muda wa siku chache. Hata hivyo, tundu la usalama iliyolipitia halikuwa geni. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tarehe 14 Machi, siku 59 kabla ya shambulio.

Habari za mashambulizi makubwa dhidi ya kompyuta za mezani zinafanana sana katika jambo hilo. Kiraka kilikuwepo, kilitolewa bure, na hakikuwekwa.

Tundu hutokeaje?

Mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, ndio programu kuu inayosimamia kumbukumbu ya kompyuta, diski, printa na mawasiliano ya mtandao. Umeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, na walioiandika ni binadamu. Kosa moja dogo laweza kukaa humo miaka mingi bila kuonekana. Mwezi Januari 2022, kwa mfano, ilitangazwa kwamba programu iitwayo pkexec, ambayo huja na matoleo mengi ya Linux, ilikuwa na kosa lililomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwaka 2009.

Kosa lililo mashuhuri kuliko yote ni lile la kupokea data bila kuipima. Programu hutenga sehemu ya kumbukumbu ya ukubwa fulani kwa ajili ya data inayoingia. Mtu akimimina pishi nzima ndani ya kibaba, nafaka humwagika. Katika kompyuta, data iliyozidi humwagikia sehemu jirani ya kumbukumbu, ambamo huenda mna maagizo yanayosubiri kutekelezwa. Mdukuzi hodari huipanga data hiyo kwa namna ambayo kile kinachomwagika ni maagizo yake mwenyewe, na kompyuta huyatekeleza ikidhani ni yake.

Kiraka hulisahihisha kosa hilo. Mara nyingi ni mistari michache tu: pima kwanza, kisha pokea.

Kiraka ni ramani pia

Hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawaelezwi. Siku kiraka kinapotolewa, hatari kwa asiyekiweka haibaki vile vile, bali huongezeka. Wadukuzi hulichukua faili la zamani na lile jipya, wakayalinganisha, na palipo na tofauti ndipo palipokuwa na tundu. Kwa maneno mengine, dawa inapotangazwa ugonjwa nao umetangazwa. Tangu hapo mashindano huwa kati ya mtu anayeandika programu ya kushambulia na mtu anayebofya "nikumbushe kesho".

Mwaka 2003 mashindano hayo yalionekana waziwazi. Tarehe 16 Julai Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika huduma inayoziwezesha kompyuta za Windows kuagizana kazi kupitia mtandao. Siku 26 baadaye, Agosti 11, alitokea mnyoo wa kompyuta aliyeitwa Blaster. Mnyoo hutofautiana na kirusi cha kawaida kwa kuwa hahitaji mtu afungue barua au faili lolote. Hujisafirisha mwenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wengi waliotumia Windows XP wakati huo watakumbuka kile kisanduku kilichohesabu sekunde 60 kabla ya kompyuta kujizima na kujiwasha upya, tena na tena.

Mwaka uliofuata kiraka kingine kilitolewa tarehe 13 Aprili, na kufikia tarehe 30 mwezi huo huo mnyoo Sasser alikuwa ameanza kazi. Ni siku 17 tu.

Kutokana na misukosuko hiyo, Microsoft ilibadili utaratibu. Tangu Oktoba 2003 viraka vyake hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili mafundi wa maofisini wajue siku ya kujiandaa, ingawa tundu la hatari sana laweza kuzibwa nje ya ratiba. Agosti 2004 lilikuja toleo la pili la marekebisho makuu ya Windows XP, ambalo liliiwasha yenyewe programu ya kuzuia mawasiliano yasiyoalikwa kutoka nje. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hatua hiyo moja iliwasaidia watu wa kawaida kuliko mawaidha yote yaliyotangulia, kwa sababu haikumtaka mtumiaji afanye lolote.

Gharama ya kupakua

Katika Afrika Mashariki ya miaka hiyo, kusema "weka kiraka" kulikuwa rahisi kuliko kukiweka. Marekebisho hayo ya mwaka 2004, yakipakuliwa kwa ukamilifu, yalizidi megabaiti 260. Kwa modemu ya simu yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, kazi hiyo ingechukua zaidi ya saa kumi, hata kama laini isingekatika. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari haukuanza kazi katika pwani yetu hadi Julai 2009. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti yalitegemea setilaiti, kwa bei ambayo wengi hawakuimudu.

Pamoja na hayo, walikuwepo waliotumia nakala zisizo halali za Windows na ambao walizima usasishaji kwa hofu ya kugunduliwa. Hofu hiyo iliwagharimu bure. Hata baada ya Microsoft kuanza kukagua uhalali wa nakala mwaka 2005, viraka vya usalama viliendelea kutolewa kwa njia ya usasishaji wa kujiendesha hata kwa nakala zisizo halali.

Mnyoo Conficker, aliyezuka Novemba 2008 karibu mwezi mmoja baada ya kiraka chake, aliongeza njia nyingine: alisafiri pia ndani ya flashi diski. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti kabisa ingeweza kuambukizwa na mtu aliyekuja kuchapisha barua.

Leo kasi imeongezeka, lakini tatizo la gharama limebadilika sura tu. Mtu anayetumia intaneti ya simu kwa bando huiambia Windows kwamba muunganisho wake unalipiwa kwa kipimo. Windows nayo, kwa kumhurumia, huacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho. Mtu huyo aweza kukaa miezi kadhaa akidhani analindwa. Inafaa basi kuondoa kizuizi hicho walau mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, au kuipeleka kompyuta penye intaneti isiyo na kipimo. Penye kompyuta kadhaa, mpangilio wa Windows huruhusu moja ipakue na kuzigawia nyingine kupitia mtandao wa ndani, na bando likatumika mara moja.

Hospitali za Uingereza zilikosea wapi?

Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, iliyotolewa Oktoba 2017, ilieleza kwamba taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya nchini England ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ilifutwa. Tahadhari za kuweka kiraka zilikuwa zimetumwa tarehe 17 Machi na 28 Aprili.

Wengi walidhani lawama ni ya Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014. Sivyo. Nyingi ya kompyuta zilizoambukizwa zilitumia Windows 7, ambayo wakati ule bado ilihudumiwa na ilikuwa na kiraka chake. Ripoti ilisema pia kwamba hata bila kiraka, kufunga vizuri njia za kuingilia kutoka intaneti kungezilinda taasisi hizo.

Shambulio lilipunguzwa kasi na mtafiti kijana, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba programu ile huulizia kwanza anwani fulani ya intaneti isiyokuwepo. Alipoisajili, programu ilipata jibu ikaacha kuenea. Juni 27 mwaka huo huo shambulio jingine, NotPetya, lilitumia tundu lile lile.

Kuziba bila kuharibu

Hata hivyo, wasimamizi wa kompyuta wanaochelewesha viraka si wavivu wote. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 na kuvuruga safari za ndege na huduma za benki duniani. Ndiyo maana ofisi makini huweka kiraka kwanza katika kompyuta chache, huzitazama siku moja au mbili, kisha huendelea na zilizobaki. Kungoja miezi miwili ni jambo jingine.

Mwenye kompyuta moja nyumbani anunue diski ya nje, anakili mafaili yake, aichomoe, kisha aruhusu masasisho yajiendeshe. Aiwashe upya kompyuta inapoombwa, maana viraka vingi vilivyopakuliwa havifanyi kazi hadi hapo. Kwa shughuli za kila siku atumie akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi. Wenye Ubuntu au Debian wana nafuu moja: programu nyingi walizonazo husasishwa mahali pamoja na mfumo endeshi wenyewe.

Ugumu uko kwa wenye mashine za zamani. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani uliwekewa mwisho wa Oktoba 13, 2026. Windows 11 inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kwa kawaida haikubali vichakato vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Kariakoo, Nairobi au Dubai ni za umri huo. Anayenunua aulize kwanza aina ya kichakato. Aliyekwisha kununua anaweza kuweka toleo la Linux ambalo bado linahudumiwa. Nyingi ya mashine hizo hulibeba bila taabu, ingawa atalazimika kuachana na baadhi ya programu alizozizoea.