Tathmini ya Utafiti wa Elektrolisisi nchini Marekani

Tathmini hii ni uhakiki wa kila mwaka ambao Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikiufanya juu ya utafiti wa hidrojeni unaogharimiwa na hazina ya umma, ukiwamo ule wa mitambo ya elektrolisisi, yaani mitambo itenganishayo maji kwa nguvu ya umeme yakawa hidrojeni na oksijeni.

Utaratibu. Watafiti huwasilisha taarifa mbele ya wataalamu wa fani, nao hutoa alama na maoni juu ya njia iliyofuatwa, maendeleo yaliyopatikana, ushirikiano, manufaa yatarajiwayo na kazi iliyosalia. Kisha ripoti hutangazwa, kwa kuwa umma, ulio mwenye mali, una haki ya kuijua hesabu yake.

Vipimo. Katika elektrolisisi ya kawaida ya maji, kilo 1 ya hidrojeni hubeba nishati ya kilowati-saa 39.4, ilhali mitambo mingi hutumia umeme wa takriban kilowati-saa 50 au zaidi. Hivyo hupimwa tofauti hiyo, pamoja na uimara, gharama, na kiasi cha iridi, madini adhimu yahitajiwayo na mitambo ya elektrolisisi yenye utando upitishao protoni.

Lengo. Kuhusu gharama, mnamo Juni 2021 wizara ilikusudia kuishusha bei ya hidrojeni safi hadi dola 1 kwa kilo 1 katika muda wa muongo 1.

Umuhimu. Tathmini ya insafu hudai majaribio yafanywe kwa kanuni moja, kwani ufanisi wa saa chache maabarani si dalili tosha ya kudumu kwa miaka kiwandani.