Mche Chini ya Mpira

Ramadhani iliyopita bibi yangu alinunua muhogo sokoni. Kwa asiyemjua, hilo ni jambo dogo. Uani kwake Muheza mihogo imesimama tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na kila magharibi ya mfungo sahani zake za muhogo wa nazi zilikuwa zikivuka njia kwenda kwa majirani. Safari hii aliuficha ule wa sokoni chini ya fungu la mchicha, akapita nyuma ya nyumba ili asionekane.

Siku mbili kabla, alikuwa amechimba mashina matatu kwa ajili ya futari. Kwa nje mihogo ilikuwa minene, maganda safi. Alipokata, ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Akakata upande wa pili, vilevile. Mashina matatu yakatoa kisufuria kimoja. Nilikuwa nimeshika kisu cha pili na sikujua niseme nini, maana ugonjwa ule nilikuwa naujua kwa jina na kwa mwaka.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu ni kuhusu Amani, kile kituo cha sayansi ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 juu ya milima ya Usambara Mashariki, milima ileile tunayoiona tukiwa tumekaa uani kwa bibi. Michirizi kahawia, kama maofisa kilimo wanavyoiita sasa, ilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1936, na aliyeieleza ni H. H. Storey, akifanya kazi palepale Amani. Kwa hiyo ugonjwa uliomtoa bibi machozi ulikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wa kumi na kitu, umepigiwa mstari kwa kalamu ya kijani. Sikumwambia siku ile.

Nilichofanya badala yake ni kuanza kukaa kwenye mihogo. Asubuhi kabla jua halijakolea nilichukua kigoda, nikawa nageuza majani ya juu, yale machanga, moja moja. Hapo ndipo wanapokaa inzi weupe. Ukubwa wao ni kama milimita moja tu, mabawa yao meupe utadhani yamepakwa unga. Ukitikisa tawi wanaruka wote pamoja kama vumbi la chokaa, kisha baada ya sekunde chache wanarudi kwenye jani lilelile. Hao ndio wanaobeba virusi vya magonjwa yote mawili, michirizi kahawia na batobato. Kwa batobato, inzi akinyonya jani gonjwa kwa saa chache tu amekwishabeba, na akihamia shina zima dakika kumi zinamtosha kuliambukiza.

"Wee mume wangu," bibi alinisemesha siku ya tatu, "utakaa chini ya majani mpaka lini? Muhogo haupigiwi ramli."

"Nawahesabu, bibi."

"Wakifika mia utawachinja?"

Sikuwa na jibu. Lakini ukikaa sehemu moja vya kutosha, ua linaanza kukuonyesha na mengine. Majimoto walikuwa wameshona majani ya mwembe kwa uzi wa mabuu wao, na njia yao ilipita juu ya kamba ya nguo, ndiyo maana shuka zangu zilikuwa zinauma. Kinyonga mmoja alihamia kwenye shina la pili kutoka ukutani. Bibi hakutaka kumsogelea, akasema ana mkosi, ila mimi nilimwona akila inzi wakubwa na kuwaacha wale weupe, labda kwa kuwa hawamjazi. Na majani yenyewe nilianza kuyasoma. Shina lenye batobato hulikosi: jani lina viraka vya njano na kijani kibichi, upande mmoja umenywea, ncha zimepinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Kati ya mashina kumi na tisa ya bibi, niliona hivyo kwenye kumi na mawili.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja mtaalamu wa mimea, Otto Warburg, alichapisha makala kuhusu mimea inayolimwa Usambara, na humo akataja ugonjwa wa majani ya muhogo kujikunja. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana duniani kuhusu batobato. Mara ya kwanza nilipoyasoma nilijisikia fahari ya kipuuzi, kama vile kwetu tumeshinda kombe. Cha kunifikirisha zaidi kilikuja baadaye. Muhogo ni mgeni, Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili kuanzia karne ya 16. Ila batobato hii haikuja nao. Kule Amerika ulikotoka muhogo haipo. Virusi vilikuwa huku tayari, ndani ya mimea mingine ya Afrika, mgeni alipofika vikamhamia. Sisi tumezoea kusimulia historia ya mashamba yetu kama habari ya vitu vilivyoletwa na watu wa nje, na mara nyingi ni kweli, lakini hapa mwenyeji ndiye aliyemng'ata mgeni.

Kuna mgeni mwingine uani kwa bibi. Kwenye kona ya choo umesimama mti mrefu, gome lake linabanduka kama karatasi kuukuu, majani yake yanafanana na ya muhogo lakini mapana zaidi. Tunauita mpira. Bibi huchuma majani yake machanga kwa kisamvu, na mwenye kujua kisamvu anajua kwamba cha mpira hakifanani na kingine. Jina si la mzaha. Huo ni mpira kweli, au jamaa yake: *Manihot glaziovii*, mti wa Ceará huko Brazili, ambao Wajerumani waliupanda kwa maelfu ya ekari katika nyanda za chini ya Usambara ili kugema utomvu. Mwaka 1910 bei ya mpira duniani ilipaa. Mwaka 1913 ikaporomoka, mpira wa mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki ulipofurika sokoni, na hapa kwetu walowezi wakaung'oa au wakautelekeza, wengi wakageukia mkonge. Mti ulioachwa na biashara ukabaki kwenye mipaka ya mashamba, wenyeji wakaufanya mboga.

Mti huohuo uliotelekezwa ndio ukawa dawa. Katika miaka ya 1930, Waingereza wakiwa wameshachukua kituo, Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walikusanya aina za mihogo kutoka sehemu nyingi wakitafuta itakayosimama mbele ya batobato. Ziliugua, nyingine zaidi, nyingine kidogo. Wakaamua kuuchanganya muhogo na jamaa zake, na mpira ndio uliofanya vizuri. Kizazi cha kwanza cha machotara kilivumilia ugonjwa lakini mizizi yake ilikuwa myembamba na migumu, hailiki. Wakakirudisha kwa muhogo mara ya pili, na ya tatu, hadi utamu ukarudi na uvumilivu ukabaki.

Ukitaka kujua maana ya sentensi hiyo fupi, angalia ua la muhogo. Ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ua jike lazima lifunikwe kabla halijafunguka, mdudu asilitangulie, kisha chavua iletwe kwa mkono kutoka ua dume la mti mwingine, lifunikwe tena, lifungwe alama, lisubiriwe miezi. Tunda likikomaa linatoa mbegu tatu. Tatu! Na likikauka linapasuka lenyewe na kuzirusha, kwa hiyo usipolivisha kifuko umepoteza kazi yote. Halafu kila mbegu ni mtu mpya. Pingili ukiipanda utapata nakala ya mama yake na magonjwa yake yote, mbegu haikupi ahadi yoyote. Inabidi uipande, uingoje, uionje.

Katika ripoti nilizosoma mpaka sasa kazi hiyo imeandikwa kwa kauli ya kutendwa. Maua yalifunikwa. Chavua ilipakwa. Mbegu zilikusanywa. Na nani? Storey na Nichols hawakuwa na mikono ya kutosha kwa maua yote yale. Walikuwapo vibarua, Wasambaa na Wabondei na wengine waliotoka mbali, waliopanda ngazi asubuhi na mifuko mdomoni, na ujuzi wa vidole vyao umo ndani ya kila chotara aliyetoka Amani. Hao ndio ninaowatafuta. Mwaka mzima nimepata orodha za mishahara zisizo na majina.

Mradi ulifungwa mwaka 1957, D. L. Jennings akiwa ndiye mtafiti wa mwisho kuushika. Mwaka mmoja kabla, mbegu za chotara mmoja aliyeitwa 5318/34 zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Huko likachaguliwa shina lililopewa namba 58308, na miaka ya 1970 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ibadan, IITA, ikalichanganya na muhogo wa Brazili na kupata TMS 30572. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikalipuka Uganda, virusi viwili vikiwa vimeungana na kuzaa kingine kibaya zaidi, mashamba yakaisha, watu wakalala njaa. Kati ya mbegu zilizopelekwa kuokoa hali ilikuwamo hiyo TMS 30572, Waganda wakaiita Nase 3. Safari ilianzia mlimani kwetu, ikazunguka hadi Afrika Magharibi, ikarudi Ziwa Viktoria, na nina hakika wengi wa waliokula muhogo ule hawajawahi kulisikia jina la Amani.

Hayo yote nilimsimulia bibi usiku mmoja baada ya tarawehe. Alisikiliza, akapangusa miwani, akasema, "Baba yangu alikuwa kibarua huko."

Nilikuwa nimemjua bibi kwa miaka ishirini na sita. Hakuwahi kulisema. Hakuna aliyemuuliza.

"Alifanya kazi gani, bibi?"

"Kazi za wazungu. Alikuwa anarudi na fimbo."

"Fimbo gani?"

"Ya kutembelea. Safari moja akaichomeka pale," akaonyesha kona ya choo, "ikaota."

Nikauliza mwaka. Akasema alikuwa bado hajavunja ungo. Nikauliza kama fimbo ilitoka ndani ya kituo au njiani. Akaniangalia kwa huruma. Inawezekana kabisa mpira wa bibi ni chotara wa Amani, mmoja wa wale waliotupwa kwa kuwa mizizi yake hailiki, akabebwa na kibarua aliyeona majani yake yanafaa mboga. Inawezekana pia ni mpira wa kawaida uliookotwa kwenye shamba la mlowezi. Mbegu za Amani zilivuja, hilo linajulikana: wanasayansi walipopima vinasaba, Namikonga ya kusini mwa Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya zilionekana karibu kitu kimoja, na nasaba yake inarudi Amani. Lakini kwa fimbo ya babu sina karatasi. Msimamizi wangu alipoisoma aliandika pembeni neno moja, "Ushahidi?", na hakukosea. Nimeihamishia kwenye tanbihi, na kila nikifungua faili naitazama na kuona imekaa mahali pasipo pake.

Bwana shamba alikuja wiki ya mwisho ya likizo yangu. Alikuwa mpole. Alisema yote king'olewe na kuchomwa, atamletea bibi pingili safi msimu wa vuli, mbegu inayovumilia. Bibi akauliza kama muhogo huo unaiva haraka kwa nazi. Bwana shamba akasema ukiwa na nazi nzuri. Jibu hilo halikumfurahisha hata kidogo. Usiku alihesabu: aking'oa yote sasa, mpaka pingili hizo zikomae ni karibu mwaka wa kununua. Hela ya kununua ni ya mjomba, na hela ya mjomba huja na maneno.

Asubuhi yake ndipo nilipouona mche. Nilikuwa nafagia chini ya mpira nikataka kuung'oa, nikidhani ni magugu. Majani mawili ya mbegu, ya mviringo, na katikati jani la kwanza la kweli lenye ncha tatu, jekundu kidogo kwenye kikonyo. Haukutoka kwenye pingili. Ulikuwa umeota kutoka kwenye mbegu, katikati ya mpira na shina la karibu la muhogo, hatua tatu kutoka huku na nne kutoka kule, mahali ambapo nyuki yeyote angeweza kufanya bure kazi iliyowachukua watu wa Amani zaidi ya miaka ishirini. Au ni mtoto wa mpira tu. Ukiwa na jani moja huwezi kujua.

Nilimwita bibi. Akainama, mkono kiunoni.

"Huu haukupandwa na mtu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Basi huyo bwana shamba hakuutaja."

Tuling'oa yale kumi na mawili siku hiyo, mimi na yeye na kijana wa jirani, tukayachoma nyuma ya choo. Saba yakabaki, kinyume na ushauri, na nilibishana naye kidogo kisha nikaacha. Bibi akatafuta ndoo iliyotoboka kitako, akauvisha mche ili kuku wasiuguse.

Nimerudi Dar. Bibi haoni vizuri karibu, kwa hiyo kila Ijumaa anamwita mtoto wa jirani wa darasa la nne ageuze majani, kisha ananipigia. Juma lililopita mche ulikuwa na majani tisa. Nikauliza kama kuna lililojikunja. Nikasikia wakibishana pembeni ya simu, mtoto akisema hakuna, bibi akisema angalia la chini.

"Na inzi?" nikauliza.

Simu ikapewa mtoto. "Shikamoo kaka. Walikuwa sita," alisema, "lakini nimewapuliza."