MASHARTI YA KUJIUNGA: TULIKOTOKA NA TULIPOFIKA
(Historia fupi, 2015 hadi 2025)



 Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hatunao. Mungu awalaze mahali pema peponi.

Katika kitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na faida. Sisi tumeombwa tueleze jambo moja tu, nalo ni masharti ya kujiunga. Mtu anaweza kusema, jamani, masharti nayo yana historia? Yanayo tena nyingi. Kwa miaka kumi hii hatukugombania hela kama tulivyogombania nani aingie na nani abaki nje.

KABLA YA KIKUNDI

Bibi zetu hapa Muheza walicheza upatu. Hapakuwa na fomu wala kiingilio. Sharti lilikuwa moja, ujulikane. Ukipokea zamu yako halafu ukaacha kutoa za wenzako, utawakwepa wapi, na kisima ni kimoja? Ila upatu ulikuwa na upungufu wake. Mtoto akiugua kabla ya zamu yako, basi, shida ni yako peke yako.

Mtindo wa hisa na sanduku tulifundishwa baadaye. Mwalimu wetu alituambia kwamba chanzo chake ni akina mama wa Maradi, nchi ya Niger, walioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingia Zanzibar, kisha bara, na watu wakauita VICOBA. Tulifurahi kusikia hivyo, maana tulidhani mambo ya benki ni ya wasomi. Kumbe wa kwanza walikuwa akina mama wa kijijini kama sisi, wengi wao hawakujua hata kusoma.

MASHARTI YA KWANZA

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22 chini ya mwembe. Tulinunua sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu mbalimbali. Mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000 kwa wiki.

Siku ile tuliandika masharti matano kwenye daftari la shule. Mwanachama awe mwanamke mwenye miaka 18 au zaidi. Awe mkazi wa hapa. Alete wadhamini wawili. Alipe kiingilio shilingi 20,000 kwa mkupuo. La tano, kama ameolewa, alete barua ya mumewe ya kumruhusu.

Tuseme ukweli, hayo mawili ya mwisho tuliyaandika kwa woga. Tuliogopa maskini kwamba atatukimbia na hela zetu, na tuliogopa waume kwamba watakuja kutuvunjia sanduku. Hatukujiuliza tunamfungia nani mlango.

MAMA WA MAANDAZI

Jibu lilikuja mwaka 2016. Mama mmoja muuza maandazi aliomba kujiunga. Tunamjua tangu utoto, mchapa kazi, hana neno na mtu. Lakini hakuwa na 20,000, na barua angeitoa wapi? Mumewe alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, mwaka wa pili huo hana simu wala salamu. Tukamwambia, pole mwaya, masharti ni masharti. Akaondoka na sinia lake kichwani.

Miezi michache baadaye tukasikia amekopa kausha damu. Ndugu msomaji, mikopo hiyo unaijua. Alipewa shilingi 60,000 arudishe 3,000 kila siku kwa siku 30, yaani 90,000. Alilipa siku 14 akashindwa. Siku waliyokuja kumchukulia karai lake la kukaangia ndipo baadhi yetu tulipokwenda kwake. Tulikwenda kwa aibu.

Tukakaa mkekani, tukamwomba atueleze biashara yake toka asubuhi. Kwa kuwa kuandika kulimpa tabu, tulihesabu kwa punje za mahindi, punje moja shilingi 100. Kwa siku anakaanga maandazi 60 ya shilingi 200, jumla 12,000. Unga kilo mbili 4,000, mafuta 2,500, sukari 800, hamira 300, mkaa 1,500. Jumla ya gharama 9,100. Zinabaki 2,900. Na deni la kila siku ni 3,000! Kabla hajanunua hata chumvi, tayari ana upungufu wa 100. Tena watoto wanakula maandazi sita kila asubuhi, ambayo hakuwahi kuyahesabu. Hiyo ni 1,200 nyingine.

Aliangalia zile punje akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe si uvivu wangu." Maneno hayo hatutayasahau.

Hatukumpa hela, maana sanduku ni la wanachama na sheria ni sheria. Tulichofanya ni kumsindikiza kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akamwita mkopeshaji. Deni lililobaki lilikuwa 48,000. Baada ya maneno mengi mkopeshaji alikubali apokee 1,500 kwa siku bila kuongeza kitu, na karai likarudi. Yale maandazi ya watoto akayapunguza yakawa matatu, akawapikia uji. Kwa siku 32 deni likaisha.

Ndipo tukaona kosa letu. Mtu aliyehitaji ushauri wetu kuliko wote ndiye tuliyemfungia nje. Na ushauri wenyewe haukutugharimu kitu ila kikombe cha mahindi na asubuhi moja.

MABADILIKO YA MWAKA 2017

Mkutano mkuu wa mwaka 2017 ulichukua siku mbili, na haukuwa mchezo. Wapo waliosema tukilegeza kiingilio tutajaza watu wasio na kitu. Afisa ushirika aliyealikwa akatusimulia habari za watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844. Kila mmoja alichangia pauni moja, na wengine walitoa kidogo kidogo kila wiki mpaka ikatimia. Tukaulizana, kama wale waliweza, sisi tunashindwa nini? Kiingilio kikashushwa hadi 10,000, na mtu anaruhusiwa kukilipa kwa wiki kumi.

Barua ya mume ndiyo iliyotutoa jasho. Afisa maendeleo ya jamii alitusomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56. Kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na ya kufanya mikataba. Sheria hiyo ipo tangu wengine wetu tukiwa watoto wachanga, nasi tulikuwa tunadaiana barua! Tulipiga kura, 17 wakakubali, 9 wakakataa. Wenzetu watatu walijitoa wakisema tunavunja ndoa za watu. Iliuma. Mmoja alirudi mwaka uliofuata, wawili hawakurudi. Hata hivyo hatukatazi mtu kumwambia mumewe. Tena tunashauri wazungumze, kwani bajeti ya nyumba inayojulikana na mmoja tu haikai. Tulichoondoa ni ile amri ya barua.

La tatu tulilopitisha ni kwamba ushauri wa matumizi ya nyumbani utatolewa bure kila Jumamosi, kwa mwanachama na asiye mwanachama, mwanamke hata mwanamume.

MASHARTI YA WASHAURI

Hapo tukadhani tumemaliza. Kumbe kumfungulia mtu mlango ni kazi moja, na kumlinda akishaingia ni kazi nyingine.

Mwaka 2019 mshauri wetu mmoja alisimulia bombani deni la mama aliyekuja kwetu. Hakuwa na nia mbaya, ulimi tu uliteleza. Lakini mpaka jioni mtaa mzima ulijua. Yule mama hakuja tena, na tulipokwenda kumwomba radhi alitupokea kwa heshima, akatupa na chai, ila hakutuamini tena. Mpaka leo hajajiunga. Hilo ni deni letu ambalo hakuna rejesho lake.

Tangu hapo mshauri naye ana masharti yake, tena magumu kuliko ya mwanachama. Awe amekaa kwenye kikundi miaka miwili bila kuchelewesha marejesho. Awe na daftari la bajeti ya nyumba yake mwenyewe, na alionyeshe, maana huwezi kumfundisha mtu kufagia na kwako kuna taka. Atunze siri, akitoa siri anaondolewa kwenye ushauri siku hiyo hiyo. Asipokee kitu, iwe hela au hata soda. Asimkopeshe anayemshauri. Na asimwamulie mtu. Kazi yake ni kupanga punje mkekani, mwenye nyumba ndiye anayezisogeza.

Ilipotoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, vikundi kama chetu vilitakiwa kuandikishwa. Tuliandika katiba safi, na masharti yote hayo yakaingia humo. Daftari la mwanzo tunalo bado, limeliwa na mende pembeni, lakini yale masharti matano yanasomeka.

MASHARTI YA LEO

Kwa faida ya wanaotaka kujiunga, masharti ya sasa ni haya:
1. Uwe mwanamke mwenye miaka 18 au zaidi, mkazi wa kata yetu.
2. Uwe na mdhamini mmoja aliye mwanachama.
3. Kiingilio shilingi 10,000, kwa mkupuo au kidogo kidogo kwa wiki kumi.
4. Uhudhurie Jumamosi nne za ushauri, uandike au uhesabu kwa punje yanayoingia na yanayotoka nyumbani kwako.
5. Uahidi mbele ya wenzako kutunza siri.

Sharti la nne ndilo tunalolithamini zaidi. Zamani tulimuuliza mtu ana nini, na nani kamruhusu. Siku hizi tunamuuliza kama yuko tayari kuitazama nyumba yake kwa macho makavu. Anayefanya hivyo hata kwa mapato madogo huwa hatupi tabu katika marejesho. Waliotutesa, tuseme tu, wengine walikuwa na maduka.

Na kwa wanaouliza, mama wa maandazi alijiunga mwaka 2017 baada ya mkutano ule. Kiingilio chake alikilipa wiki kumi, 1,000 kila wiki, bila kukosa hata moja. Leo ni mmoja wa washika funguo watatu.

 Tunawaomba radhi wote tuliowafungia mlango miaka ile. Mlango sasa uko wazi. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tupo chini ya mwembe, na kikombe cha mahindi kipo. Njooni, hamtatozwa kitu.

Umoja ni nguvu. Kidumu kikundi chetu!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote