Karatasi Ibaki Kijijini

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maana ya methali hiyo niliipata Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Kasanga haikuanza jana kuona karatasi. Wajerumani waliiita Bismarckburg wakajenga boma, na huko aliyeshika kalamu ndiye aliyetawala. Baada ya Uhuru kalamu ilianza kuwafikia wananchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili nchini kuzunguka redio na vijitabu, wakajadili malaria na kuchimba vyoo. Katika miaka ya 1990 zikaenea mbinu shirikishi, na pamoja nazo likaja bango kitita.

Nami nilikuwa mwezeshaji. Tulikutana chini ya mwembe kuzungumzia upungufu wa samaki. Niliwapa watu mgongo, nikaandika haraka kwa herufi ndogo. Mama mmoja mzee akasimama.

"Mwanangu, hebu nisomee nilichosema."

Alikuwa amesema kwamba kokoro linazoa samaki wachanga. Mimi nilikuwa nimeandika, "Usimamizi wa rasilimali." Watu wakacheka. Nikaona haya.

Tangu siku hiyo nilibadilika. Herufi ziwe ndefu kama kidole, na ukurasa usizidi mistari saba. Neno liandikwe kama lilivyosemwa. Kwa wasiojua kusoma, uchorwe ufuko, mtumbwi na wavu. Ukurasa uliojaa ufungwe penye mti ili wote wauone, na kalamu ashike mwanakijiji. Kabla ya kufunga mkutano, yote yasomwe kwa sauti, wenyewe wasahihishe.

Lakini kosa kubwa sikuliona mapema. Jioni ile tulikunja karatasi zote, tukapanda nazo gari hadi Sumbawanga kuandika ripoti. Hazikurudi. Niliporejea baadaye, niliwakuta wanakijiji wakibishana: je, tulikubaliana kokoro lipigwe marufuku, au lizuiwe kwa msimu tu? Kila upande uliapa. Ushahidi ulikuwa nimeuchukua mimi.

Niliinamisha kichwa. Tulikuja kuwashirikisha, kumbe tulifanya kama bomani: maneno yao yalipanda kwenda juu, yasishuke tena.

Ndugu msomaji, ukiitisha mkutano, nakili unachohitaji katika daftari lako. Bango liache ofisi ya kijiji. Wenye maneno ndio wenye karatasi.