Safari ya Kinga: Kutoka Utumbo wa Mama Hadi Titi

Leo naomba turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu ya jambo nililoliona wodini. Mama aliyejifungua alfajiri alikuwa akikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, na kuimwaga kwenye beseni. Mama mkwe alimwambia ni maziwa machafu. Sikumlaumu. Hata wataalamu walichukua karibu miaka 300 kuelewa kilichomo.

Mwaka wa 1677, daktari wa Uswisi aitwaye Johann Conrad Peyer alieleza habari za viraka vidogo vilivyo katika ukuta wa utumbo mwembamba. Yeye alidhani vinatoa maji ya kusaga chakula. Alikosea, lakini hadi leo vinaitwa viraka vya Peyer.

Kumbe ni kambi ya askari! Viraka hivyo vimejaa chembechembe nyeupe za damu. Viini vinapopita na chakula au maji, baadhi huingizwa humo, vikachunguzwa na kutambuliwa.

Mwaka wa 1971 huko Marekani, Susan Craig na John Cebra walichukua chembechembe kutoka viraka vya sungura na kuwapa sungura wengine. Wakaona kwamba humo ndimo zinamotoka zile zinazokwenda kutengeneza IgA, kinga inayolinda utando wa matumbo.

Lakini kwangu mimi, utafiti mtamu zaidi ni wa mwaka wa 1975. Akina mama wajawazito walipewa viini vya E. koli visivyodhuru, wakavimeza. Walipojifungua, dang'a yao ilikuwa na chembechembe zinazotengeneza kinga dhidi ya viini vile vile. Wamemeza kwa kinywa, kinga ikatokea kwenye titi! Miaka miwili baadaye utafiti wa panya ulionyesha njia yenyewe: chembechembe hutoka kwenye tezi zilizo karibu na matumbo, husafiri katika damu, na hutua kwenye titi la anayenyonyesha.

Kwa hivyo mama anampa mtoto kinga dhidi ya viini vya boma lao wenyewe, ambavyo yeye amekwisha kukutana navyo. Maziwa ya mkebe hayakupitia kwa mtu anayekunywa maji ya kisima chenu. Na kinga hiyo imejaa zaidi katika dang'a, ndiyo maana tunahimiza mtoto anyonye katika saa ya kwanza.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki ni hili: "Sista, nikihara mimi mwenyewe, nisimnyonyeshe?" Mnyonyeshe, mama. Nawa mikono kwa sabuni, kunywa maji safi kwa wingi, kisha mpe titi. Askari wa utumbo wako wamekwisha kuviona viini hivyo, na kinga iko njiani.