Jumuiya ya Afrika Mashariki: Ilivyovunjika 1977 na kufufuliwa upya

JUMUIYA ya Afrika Mashariki iliyopo ni ya pili kuundwa. Ya kwanza iliasisiwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini Kampala mnamo Juni 6, 1967 na Marais Jomo Kenyatta wa Kenya, Julius Nyerere wa Tanzania na Milton Obote wa Uganda. Ilidumu kwa miaka kumi tu.

Mizizi ya ushirikiano huo ilikuwa ya enzi za ukoloni, ambapo reli, posta na ukusanyaji wa ushuru viliendeshwa kwa pamoja. Mkataba wa 1967 ulirithi huduma hizo na kuzigawa ili kila nchi ipate sehemu yake. Makao makuu ya jumuiya yalikuwa Arusha, shirika la reli na lile la ndege yakawa Nairobi, bandari Dar es Salaam, na posta na simu Kampala.

Hata hivyo, mgao huo haukuzima manung'uniko. Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, na bidhaa zake zilitawala masoko ya jirani. Sera nazo zilitofautiana: Tanzania ilifuata ujamaa baada ya Azimio la Arusha, ilhali Kenya ilishikilia ubepari.

Pigo kubwa lilitokea Januari 1971, Idi Amin alipompindua Obote. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin. Kwa kuwa maamuzi makuu yalihitaji marais wote watatu, kikao chao hakikufanyika tena.

Mapema mwaka 1977 shirika la pamoja la ndege lilisambaratika, Kenya ikaunda lake. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka jumuiya ilikuwa imekufa. Mpaka huo ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, na bidhaa za Kenya zilizokuwa zikisafirishwa hadi Zambia kupitia Tanzania zikakosa njia. Suala la kugawana mali na madeni lilitatuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mnamo Mei 1984, chini ya upatanishi wa Victor Umbricht, raia wa Uswisi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkataba huohuo wa 1984 uliacha mlango wazi kwa ushirikiano wa baadaye. Mwaka 1993 nchi hizo tatu zilikubaliana kuunda tume ya kudumu ya ushirikiano, na sekretarieti yake ikafunguliwa Arusha Machi 1996. Mnamo Novemba 30, 1999 Marais Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa na Yoweri Museveni walitia sahihi mkataba mpya, ulioanza kutekelezwa Julai 7, 2000.

Safari hii makosa ya awali yalizingatiwa. Jumuiya ilipewa bunge na mahakama yake. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru uliopunguzwa hatua kwa hatua kwa miaka mitano ili kulinda viwanda vya jirani. Soko la Pamoja lilifuata Julai 2010.

Rwanda na Burundi zilijiunga 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022 na Somalia 2024, idadi ya wanachama ikafika minane.

Hata hivyo, maamuzi makuu bado hufikiwa kwa mwafaka wa marais wote, na uhasama baina ya serikali mbili ungali unaweza kufunga njia. Rwanda ilifunga mpaka wake wa Gatuna na Uganda Februari 2019, na ukafunguliwa tena Januari 2022. Safari hii, tofauti na 1977, jumuiya yenyewe haikuvunjika.